Pima Kwanza Kabla Hujanunua Betri

Leo tuweke kando kantangaze na bei za mbolea, tuzungumze kuhusu gari. Najua wapo watakaouliza bwana shamba kaingiaje kwenye mambo ya boneti. Subiri nikueleze, maana katika habari hii aliyekosea wa kwanza ni mimi.

Kuna mzee mmoja ninayemhudumia huku Ilula, mkulima wa nyanya wa siku nyingi. Ana pikapu ya dizeli ya miaka ya 90. Ndiyo inayotoa matenga shambani hadi barabara kuu, pale Fuso za Dar zinapopakia. Msimu uliopita ikaanza kugoma asubuhi. Ukizungusha ufunguo inalia "ta!" mara moja, taa za dashibodi zinafifia, basi. Vijana wakiisukuma, inawaka. Akanipigia simu: "Bwana shamba, gari halitaki kuwaka." Nami bila kuliona, bila kuuliza hata swali moja, nikamjibu, "Mzee wangu, hiyo betri imekufa. Nunua nyingine."

Akanunua. Fedha aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya mbolea ya kukuzia ikaishia kwenye betri. Gari likawaka vizuri siku tatu, nne, kisha likarudia yale yale. Safari hii matenga thelathini yalikuwa yameshapakiwa na vijana wa kusukuma wameshaondoka. Mpaka anapata gari la kukodi, Fuso imeshajaa. Nyanya zilizoiva zikalala, kesho yake akaziuza kwa bei ya kutupa.

Nilipofika nikakuta ameshaambiwa na stata nayo ibadilishwe. Nikamwomba asubiri kidogo. Nikaweka mita kwenye betri, ikasoma volti 12.6. Betri nzima kabisa. Tukahakikisha gia iko huru, tukachukua waya mmoja wa kubusti, upande mmoja tukaubana kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma cha injini. Mzee akazungusha ufunguo, gari likawaka papo hapo. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini. Boliti yake ilikuwa imeliwa na kutu hata umeme haupiti vizuri. Tukafungua, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Kazi ya nusu saa.

Na ile betri mpya iliponyesha gari siku chache kwa nini? Kwa sababu wakati wa kuifunga nyaya zilitikiswa, maungio yakashika kidogo. Baada ya mitikisiko ya barabara ya shambani yakaachia tena. Ndivyo kubahatisha kunavyodanganya, unapata nafuu ya muda halafu unadhani umetibu.

Mzee hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mbona ukiona jani la njano huniambii nikanunue urea? Unaniuliza maswali kwanza." Swali hilo limenikaa kichwani mpaka leo. Ni kweli, jani la njano laweza kuwa upungufu wa naitrojeni, laweza kuwa maji yametuama, virusi au minyoofundo kwenye mizizi. Kila siku nawahubiria watu wasipulizie dawa kabla ya kujua mdudu. Lakini kwenye gari la mwenzangu nilipuliza bila kuangalia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: gari la zamani likigoma, usinunue kifaa chochote kabla hujapima. Na mwenye gari la shamba ajue kupima yeye mwenyewe, kama anavyojua kukagua shamba lake. Simaanishi ajifanye fundi. Namaanisha ajue vya kutosha ili asiuziwe asichohitaji.

Anza na macho. Fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, hapo umeme unapita kwa shida. Toa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa bodi usipige shoti. Safisha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, yale yale ya kupikia maharage, lakini yasiingie ndani ya betri. Kausha, sugua, kaza. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu, maana betri inayochaji hutoa gesi inayolipuka.

Pili, taa. Washa taa kubwa, mtu azungushe ufunguo huku wewe unaziangalia. Zikizima au kufifia sana, betri imeishiwa chaji au maungio ni mabovu. Zikibaki na mwanga ule ule na stata iko kimya, umeme haufiki kwake. Hapo tazama swichi ya ufunguo, ule waya mwembamba unaoiamsha stata, au stata yenyewe. Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, achana na betri. Dizeli nyingi za zamani zina kiswichi cha umeme kwenye pampu kinachofungua mafuta. Waya wake ukichomoka, utazungusha mpaka betri iishe na injini haipati mafuta.

Tatu, mita. Mita ndogo tu inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko karibu nusu. Ikiwa chini ya 12 imeisha, ichajiwe kwanza ndipo uihukumu. Injini ikiwaka pima tena. Ikisoma kati ya 13.5 na 14.5 hivi, altaneta inafanya kazi. Ikibaki kwenye 12, hata ukinunua betri tatu zote zitaisha. Angalia mkanda kama umelegea, kisha altaneta yenyewe.

Nne, ethi, kwa ule waya wa kubusti niliousema. Hapa ndipo magari yetu yanapougua sana na ndipo watu wanapotazama mwisho. Fikiria kazi inayofanya pikapu ya shamba: matope, maji ya kuoshea, samadi, mifuko ya mbolea inayovuja. Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi, zikipata unyevu hula chuma na shaba. Ukishabeba mbolea, fagia na uoshe gari siku hiyo hiyo.

Kuna jingine la huku kwetu, panya. Ukilaza gari kwenye banda moja na mahindi, usishangae asubuhi ukikuta nyaya zimetafunwa. Nimeliona zaidi ya mara moja. Tenganisha gari na ghala, na panya uwadhibiti kama unavyowadhibiti kwa ajili ya mahindi.

Na jambo moja silivumilii kabisa. Fyuzi ikiungua, mtu anachomeka kipande cha waya ili mradi safari iendelee. Fyuzi imeungua kwa sababu kuna shoti mahali. Ukiizuia isiungue, kitakachoungua ni nyaya, na nyuma yake gari zima. Nunua fyuzi ya kiwango kile kile, ikiungua tena tafuta shoti.

Wapo watakaosema mambo haya aachiwe fundi rewaya. Nakubali nusu. Fundi mzuri ana thamani kubwa, na ukifika kwenye kufungua stata au altaneta mwite yeye. Lakini fundi yuko mjini na nyanya ziko shambani, hazisubiri. Pia ukimwambia fundi, "Betri inasoma 12.6, vichwa ni safi, taa hazififii, stata kimya," umempunguzia saa nzima ya kutafuta, na wewe umejipunguzia gharama. Fundi mwaminifu atafurahi. Asiyefurahi, umeshamjua.

Wengine watasema gari likizeeka liuzwe. Kwa mkulima wa ekari mbili hilo ni neno rahisi mdomoni tu. Gari la zamani lina nyaya chache, na matatizo yake mengi ya umeme yanaonekana kwa macho na mita. Likitunzwa litakubebea misimu mingi tu.

Yule mzee nilimrudia kwa kumsaidia kupata mbolea ya mkopo kwenye kikundi chao, ila kwa mazao yale ilikuwa imeshachelewa. Bado inaniuma. Siku hizi nikipigiwa simu kwamba gari halitaki kuwaka, namuuliza mtu kwanza: taa zinafanyaje ukizungusha ufunguo?

Msimu wa kuvuna haujafika. Jumamosi hii fungua boneti, angalia ule waya wa ethi. Tukutane shambani.