"NI PANYA TU": Neno Linaloua Ndani ya Vizimba Vyetu



Ndugu wazazi na wanafunzi, safari hii tunaandika juu ya kitu ambacho wengi wenu mtacheka mkikisoma: panya. Chekeni kwanza, mkimaliza mtusikilize.

Kijana mmoja wa sekondari hapa Buyenzi alituletea boksi lenye panya weupe kumi na mmoja. Alianza na wawili, dume na jike, alivyopewa na mtu aliyekuwa amemaliza majaribio ya masomo yake. Shabaha ilikuwa kuwazalisha na kuwauza. Miezi minne baadaye, stoo ya baba yake mdogo, yenye paa la mabati na dirisha moja lililozibwa, ilikuwa imejaa panya zaidi ya sitini. Sasa wamebaki hao kumi na mmoja. Walikuwa wakihema kwa sauti kama mtu mwenye pumu, macho yamezungukwa na utando mwekundu, na wawili wana vidonda vya kung'atwa mgongoni. Tulipouliza wengine wako wapi, baba mdogo ndiye aliyejibu: "Wamekufa. Kwani kuna nini? Ni panya tu."

Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Tuelewane mapema. Panya wa darini anayetoboa magunia na kukojolea vyakula ni adui wa nyumba, na kila mmoja wetu anajua kuwa dini imeruhusu auawe. Hatumtetei huyo. Wala hatutoi hukumu ya kuuza na kununua panya. Hilo waulizeni mashekhe wenu. Sisi tunamzungumzia panya uliyemfungia kwa mkono wako mwenyewe. Yule wa darini akiona njaa anahama, akisikia joto anatafuta kivuli. Wa kizimbani hana pa kwenda, na kila anachokula, anachokunywa na anachovuta puani kinatoka kwako. Nani kati yetu hajasikia habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka? Kosa lake lilikuwa kumfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Basi asituambie mtu kwamba kizimba hakina hesabu kwa kuwa aliyemo ana mkia mrefu.

Na tukisema hesabu, tuanze na ile ya darasani, kwa sababu hapo ndipo kijana wetu alipoangukia. Panya mweupe hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23. Huzaa watoto sita hadi kumi na wawili, pengine zaidi. Ndani ya siku moja baada ya kuzaa, jike anaweza kushika mimba tena kama dume bado yuko naye. Watoto wenyewe huanza kuweza kuzaa wakiwa na wiki tano au sita. Chukueni watoto kumi kwa kila uzazi, nusu yao majike, mkae mpige hesabu: wawili wale wanaweza kupita sabini katika miezi mitatu na kitu. Hakuna muujiza wala biashara hapo. Ni dume ambaye hakutolewa kwa wakati.

Kwa hiyo tunasema wazi: asiyeweza kumtambua dume na jike, na asiye na kizimba cha pili cha kuwatenganishia, asianze. Dume atolewe kabla jike hajazaa. Watoto waache kunyonya wakiwa na wiki tatu, na kabla hawajafika wiki tano madume wawe upande wao na majike upande wao. Jike apumzishwe baina ya uzazi na uzazi. Kaka na dada wasiachwe wazaane ovyo, na kila uzazi uandikwe kwenye daftari: tarehe, mama, baba, idadi. Daftari la kurasa arobaini lingewaokoa wale hamsini.

Tuje kwenye kile kilichowaua. Kijana alidhani ni "homa". Sisi tulipoingia stoo ile, harufu ya mikojo ilitutoa machozi mlangoni. Mkojo uliolala kwenye matandiko hutoa gesi ya amonia, na gesi hiyo huchoma njia ya hewa. Panya wengi wana vijidudu vya mapafu vinavyoitwa mikoplasma, ambavyo hukaa kimya mpaka hewa iharibike. Ikiwa wewe uliyesimama wima unasikia harufu, yeye aliyelala puani kwenye matandiko yupo katika hali gani? Na ule wekundu wa machoni haukuwa damu. Ni majimaji ya tezi iliyo nyuma ya jicho, na yakizidi ni dalili kwamba panya anaumwa au ana dhiki. Walikuwa wakimwambia mwenye nyumba kila siku, ila hakuna aliyejua kusoma.

Halafu joto. Maabara huwaweka panya kwenye nyuzi 20 hadi 26. Panya hatoi jasho kama sisi. Sehemu ya joto lake hutokea mkiani. Chini ya bati, saa nane mchana, hapa kwetu Bujumbura, mkia utafanya nini?

Kuna watakaosema, "Nyinyi mnataka panya walale kama wazungu." La. Nendeni mkaone jirani zetu wa Tanzania. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likizalisha na kufundisha panya buku tangu mwaka 2000. Hao ni panya wa Afrika hii hii, wale wakubwa wenye mifuko mashavuni. Watoto wao huzoeshwa watu, sauti na harufu mapema, mara macho yanapofunguka. Kila mmoja ana jina, hupimwa afya, na hulipwa ndizi au karanga akifanya kazi vizuri. Kwa kuwa ni wanyama wa usiku, huko kwenye mabomu hufanya kazi alfajiri kabla ya jua kali, na masikio yao hupakwa mafuta ya kuzuia jua. Masikio ya panya, jamani!

Na faida yake? Panya wa Morogoro walikuwa miongoni mwa waliosaidia kusafisha mabomu ya ardhini Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru na mabomu hayo mwaka 2015. Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, akatunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020, akastaafu 2021 na kufa 2022 akiwa na miaka minane. Wenzake hunusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu, sampuli 100 kwa takriban dakika 20, kisha maabara huthibitisha. Wangekaa katika stoo ile ya mabati, wangenusa nini?

Kwa familia ambayo tayari ina vizimba, haya yafanyeni wiki hii. Toeni matandiko yaliyolowa kila siku, na msitumie maranda ya msonobari yenye harufu kali. Sogezeni kizimba kivulini penye hewa, pasipo jua la moja kwa moja, maana macho ya panya weupe huumizwa na mwanga mkali. Maji safi yasikatike. Ubugali mtupu hautoshi kwa mama anayenyonyesha. Mpeni nafaka, mboga na ndagala kidogo. Wekeni kipande cha mti watafune, kwani meno yao hukua maisha yote. Panya asiishi peke yake. Na kamwe msimchanganye na wa mwituni au wa darini, kwa sababu mkojo wa hao hubeba magonjwa kama homa ya mgunda, iliyozuka mkoani Lindi, Tanzania, mwaka 2022. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimaliza.

Katika wale kumi na mmoja, wanne walikufa mikononi mwetu. Saba wanapumua vizuri, madume kwao na majike kwao, na kijana huja kila jioni na daftari lake. Juzi alituuliza lini atawazalisha tena. Tukamwambia: siku utakayotuonyesha pa kuwaweka watoto kabla hawajazaliwa. Aliona uchungu. Bora yeye aone uchungu kuliko wengine sitini kufa.

Na baba mdogo, kama unatusoma: walikuwa panya tu, ni kweli. Lakini ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwako.