Kinga ya Grinda Si Pambo

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, lakini Jumamosi utanikuta nikikata na kuchomelea vyuma hapa Kakamega. Jamani, kuna mtindo mmoja wa jua kali ambao naupinga waziwazi: kung'oa kinga ya grinda ndogo ili diski ya inchi 9 iingie.

Kuingia inaingia, maana tundu ni lile lile la milimita 22. Lakini kuingia si kufaa. Tufanye hesabu kidogo. Grinda ya inchi 4 na nusu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Ukiifunga diski ya milimita 230, ukingo wake unakimbia mita 132 kwa sekunde. Sasa soma maandishi ya diski yenyewe: mwisho ni mita 80, yaani kama mizunguko 6,600. Nguvu ya kuipasua hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo umepita kiwango chake karibu mara 2.7. Ikipasuka, kinga uliyoitupa ndiyo ingezuia vipande.

Utasema grinda kubwa ni ghali. Naelewa. Basi kata upande mmoja, geuza chuma, malizia upande wa pili. Chuma kikiwa kinene sana, tumia msumeno wa mkono au azima grinda kubwa kwa jirani. Miwani vaa, ila miwani haikingi shingo.

Haya, kabla hujawasha grinda yako leo, itazame: kinga bado ipo?