Vifaru havikumfelisha kaka yangu

Najua nimekuwa kimya wiki mbili. Test zilifuatana kama daladala za asubuhi, leo ndo napumua. Nilitaka niandike habari za boom na foleni ya kusaini, lakini kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumapili, bora nikitoe.

Jumapili nilipiga simu nyumbani. Mdogo wetu wa mwisho yuko Form Two, Novemba ana mtihani wa taifa. Mama akaniambia baba ameikamata ile mashine yetu ya gemu, ameifungia kabatini na ufunguo anatembea nao. Sababu? "Asije akawa kama kaka yake." Nikacheka kidogo, nikakata simu. Usiku sikulala.

Kwa wasioijua, nasemea gemu ya vifaru. Ile ya TV ya chogo, kaseti ya njano, pedi mbili zenye waya mfupi mpaka mnakaa pua zinagusa kioo. Jina lake halisi ni Battle City, ilitengenezwa na Namco wa Japani mwaka 1985. Babu yake ni Tank Battalion ya mwaka 1980, iliyokuwa kwenye yale mashine makubwa ya kutumbukiza sarafu. Kwenye ile ya babu unapigana peke yako. Hii ya 1985 ndo ikaleta watu wawili uwanjani kwa pamoja, upande mmoja, wa njano na wa kijani. Wengi wetu kaseti zetu ziliandikwa Tank 1990, ambayo ni ya kuchakachua, waliichukua ya Namco wakaibadilisha. Gemu yenyewe nzima ni kilobaiti 24. Picha moja ya msosi unayoweka status inaizidi mara kadhaa.

Kazi yako ni kumlinda tai aliyekaa chini katikati, amezungushiwa matofali. Vifaru vya adui 20 vinakuja kila hatua, vimepangwa pembeni kulia unavihesabu vikipungua. Kuna cha kawaida, kuna chenye mbio, kuna chenye risasi za haraka, na kuna kile kizito kinachotaka risasi nne ndo kife. Cha 4, cha 11 na cha 18 vinakuja vinamemeta, ukikipiga kimoja inatokea zawadi. Koleo linageuza ukuta wa tai kuwa chuma kwa muda, saa inawagandisha maadui, bomu linafyeka wote walioko kwenye kioo.

Sasa sikilizeni hili. Risasi ya mwenzako haikuui, inakugandisha sekunde chache. Hapo adui anakuja anakumaliza huku unapiga kelele. Na tai anakufa hata kwa risasi yako mwenyewe. Mimi na kaka tulipoteza mara nyingi kwa risasi zetu kuliko za adui. Mmoja anachimba matofali kumfukuzia adui, risasi inapita, tai kwisha habari. Halafu ubishi: "Ni wewe!" "Si mimi, ni wewe dogo!"

Turudi kwenye hoja. Nyumbani kwetu imeshakuwa kama aya ya kitabu: kaka alipata ziro Form Four kwa sababu ya gemu. Baba anasema, majirani wanasema, shangazi akija likizo anasema. Mimi nawauliza wadau, tulikuwa wawili. Masaa yaleyale, pedi zileile. Mimi leo niko chuo mwaka wa pili, yeye yuko kitaa. Kama vifaru vilimfelisha yeye, mimi vilinifaulisha?

Ukweli kila mtu pale nyumbani anaujua. Kaka alipokuwa Form Three baba alisimamishwa kazi. Mama akafungua genge, na aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni kubeba viroba alikuwa kaka. Akitoka hapo anafika shule saa nne, anachapwa kwa kuchelewa, anasinzia darasani. Siku nyingine haendi kabisa. Mwaka na nusu hivyo. Jioni akikaa kwenye vifaru nusu saa na mimi, ilikuwa ndo nusu saa yake pekee ya kuwa mtoto. Matokeo yalipotoka ikabidi atafutwe mwenye kosa. Kusema "tulimtoa shule auze nyanya" kunauma. Gemu haina mdomo wa kujitetea, ikabebeshwa.

Sisemi gemu hazina madhara, msinielewe vibaya. Hiyo hiyo Battle City ina hatua 35, ukizimaliza zinaanza upya, maadui wagumu zaidi, haina mwisho wa kusema sasa nikalale. Semista iliyopita kuna jamaa aliiweka kwenye laptop hapa hostel, tukakesha, asubuhi nikaingia kwenye test ya takwimu macho mekundu na nikala za uso. Ile ni gemu, naikubali. Lakini kosa la gemu unalijua kwa sababu lina saa na tarehe. Likiwa la mwaka na nusu, tafuta kitu kingine. Hata hapa chuo mtu akidisko tunasema "pombe hiyo", "mademu hao", "gemu hizo". Ni wangapi tunauliza kama mkopo wake ulitoka, au alikuwa anakula mara ngapi kwa siku?

Na mimi ninayeandika haya si msafi. Aliyekuwa anambembeleza kaka tucheze ni mimi, yeye alikuwa anasinzia na pedi mkononi. Waliposema gemu zimemponza nilikaa kimya, maana ilinifaa. Nikawa mtoto mwenye akili, aliyejua kujizuia. Miaka mitano sasa nimekula sifa hiyo kwenye kila sherehe ya ukoo na kaka amekaa palepale anasikia. Hajawahi kusema neno.

Jana nikampigia baba. Shikamoo, marahaba, za masomo, nzuri. Nikamwambia, "Baba, kumfungia dogo gemu mpaka mtihani upite ni sawa, hata mimi ningefunga. Ila naomba usimwambie ni kwa ajili ya kaka. Kaka hakufelishwa na gemu." Kimya kirefu, nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Najua, mwanangu." Basi. Akauliza kama boom limeingia.

Halafu nikampigia kaka. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia tu samahani kwa mambo ya zamani. Akacheka. "Dogo, yule tai ulikuwa unamuua wewe, nilijua siku zote."

Likizo nikirudi, mtihani wa dogo ukishapita, tutaomba ule ufunguo. Pedi ni mbili tu, mimi nitakaa nitazame.

Haya wadau, kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Ambaye nyumbani kwao kuna mtu amebebeshwa zigo lisilo lake, apige simu. Tuko pamoja.