Kama si Everett, ni nani?

Sisi hatuna ugomvi na Everett Ruess. Kijana wa miaka 20, mchoraji, aliingia na punda wawili katika jangwa la Utah, Marekani, Novemba 1934, hakutoka tena. Punda walikutwa kwenye korongo la Davis Gulch. Wazazi wake waliandika barua, watu wakaingia jangwani kumtafuta 1935, na mpaka leo wapo wanaomtafuta. Sawa kabisa. Mtoto wa mtu hutafutwa.

Tunacholalamikia ni cha 2009. Mnavajo mmoja alifuatilia hadithi ya babu yake kuhusu kijana mzungu aliyeuawa, na kwenye ufa wa mwamba huko Comb Ridge ikapatikana mifupa. Maabara ya chuo kikuu ikasema DNA inalingana na ya familia ya Ruess. Basi ikawa shangwe. Mwanaakiolojia wa jimbo la Utah akasema ngojeni kwanza, meno haya yamesagika, si ya Everett. Familia yenyewe, na hapa tunaipa heshima yake, ikataka kipimo kirudiwe. Oktoba mwaka huohuo maabara ya jeshi la Marekani ikajibu: siye. Inaelekea ni mtu wa makabila ya asili ya huko.

Na habari ikafia hapo! Ikaamuliwa mifupa irudi kwa Wanavajo, watu wakaendelea kuuliza Everett yuko wapi. Mtu aliyepatikana kweli, aliyetolewa kaburini na meno yake, akabaki kuitwa kosa la maabara.

Jamani, sisi tunamjua mtu huyo. Oktoba 2013, jangwani Niger karibu na mpaka wa Algeria, ilipatikana miili ya watu 92, wengi wao wanawake na watoto. Magari yaliharibika, kiu ikawamaliza. Wakazikwa kulekule. Ile 92 ilizunguka dunia nzima, majina hayakuzunguka.

Mtasema Everett alikuwa na picha, barua, daktari wa meno. Ndiyo hoja yetu yenyewe! Miaka 75 baadaye meno yaliweza kusema kwa sababu kuna mtu alijua meno ya Everett yalivyokuwa. Sasa ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi za misaada, kambini mnatuuliza majina na idadi ya watu wa nyumba. Kaka aliyeondoka akakata simu njiani anafutwa kwenye kadi, mgao unapungua, yameisha. Msalaba Mwekundu una kazi ya kutafuta ndugu waliopotea, lakini wangapi kati yetu waliwahi kuambiwa hilo siku ya kuandikishwa?

Na msituambie eti walio hai kwanza. Mke wa aliyepotea yuko hai. Si mjane, si mke, hawezi kuolewa wala kukaa matanga, na kila simu ya namba ngeni inamshtua.

Kwa hiyo muulizeni mama angali hai. Mwanawe alikuwa na pengo upande gani? Alivunjika mkono upi? Kovu liko wapi? Waliomwita jina la utani walimwitaje? Nani wa damu yake anaweza kupimwa? Ni karatasi moja. Iandikeni, na nakala mumwachie mama.