Gari lioshwe kwanza, ndipo ulipe

Nazungumzia magari yaliyotumika kutoka Japani. Gari kung'aa yadi si ushahidi wa rangi nzima. Waksi hujaza mikwaruzo ikafichika. Langu lilipooshwa na wataalamu, waksi ikatoka yote. Juani nikaona mikwaruzo ya mviringo boneti nzima, na mlango wa nyuma rangi yake imekolea kuliko wa mbele. Kwenye raba ya mlango huo kulikuwa na vitone vya rangi: ulipakwa rangi upya.

Ndugu zangu, ombeni karatasi ya mnada wa Japani kabla ya kulipa. Kwenye mchoro wa gari ulio humo, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya kunyooshwa au kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja R au RA maana yake gari lilishakarabatiwa. Pitisheni pia sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye bati. Ikishika kinyonge, shuku puti. Kwenye bampa la plastiki haisaidii. Muuzaji anayekataa gari lioshwe na kukaguliwa juani, achaneni naye. Pesa za kununulia gari watu wanazitolea jasho.