Nembo Ni Yenu, Funguo Ni za Nani?

Vijana wenzangu, siku hizi kila kikundi kinataka portali yake. Chama cha wanafunzi, kamati ya msikiti, shirika la mtaani: wote wanataka mahali pa ndani ambapo wanachama wanaingia kwa paswadi, wanapata faili, kalenda na kumbukumbu za mikutano. Ni jambo zuri. Lakini jiulize: mkishabandika nembo yenu pale juu, portali imekuwa yenu kweli?

Tuchukue Nextcloud, ambayo vikundi vingi duniani vinaitumia. Ilianza mwaka 2016, Frank Karlitschek na wenzake walipojitenga na ownCloud. Ni programu huria: unaipakua bure, unaiweka kwenye seva yako. Leseni yake, AGPL toleo la 3, inakuruhusu kuitumia, kuisoma na kuibadilisha. Ila ukiibadilisha na watu wakaitumia kupitia mtandao, lazima uwape nafasi ya kupata msimbo uliobadilishwa. Kwa hivyo fundi akikwambia "msimbo huu ni siri yangu", usimkubalie. Kulipwa kwa kazi yake ni haki yake. Kuwafungia msimbo, hapana.

Sasa, kuivalisha portali sura yenu si kazi ngumu. Msimamizi anaingia kwenye mipangilio, sehemu ya mandhari, anabadilisha jina, kaulimbiu, rangi, nembo, picha ya ukurasa wa kuingilia na kiungo cha sera ya faragha. Hagusi hata mstari mmoja wa msimbo. Na kila mwanachama anaweza kujichagulia mwonekano mweusi, au ule wa rangi zinazotofautiana sana unaomsaidia mzee ambaye macho yamechoka.

Shida inaanza pale fundi anapotaka kuwafurahisha haraka. Anafungua mafaili ya programu yenyewe na kuandika juu yake. Siku ya kwanza hamtaona tofauti, portali inapendeza. Lakini toleo jipya likija linafuta alichoandika, na hata kabla ya hapo mfumo unatoa onyo kwamba mafaili yamechezewa. Ndipo mnaambiwa: "Msisasishe, mtaharibu."

Hapo ndipo mmenaswa. Kila toleo kubwa la Nextcloud hutunzwa kwa takriban mwaka mmoja tu, na huwezi kuruka matoleo. Unapanda ngazi moja moja. Mkikaa miaka mitatu bila kusasisha, mna mlango wenye kufuli bovu, na kufuli hilo wezi wanalijua.

Na ndani ya mlango kuna nini? Orodha ya wanachama. Namba za simu. Faili za watu waliokuja kwenu kulia shida zao. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu imani ya mtu, hali yake ya ndoa na majina ya watoto wake kuwa taarifa nyeti. Taarifa hizo ni amana mikononi mwenu. Zikivuja, huwezi kumwambia mama aliyewaamini kwamba angalau rangi ya portali ilikuwa nzuri.

Mtasema, "Sisi tunataka kitu cha kipekee." Sawa. Basi kiandikwe kama programu ndogo ya pembeni inayokaa kando na msimbo wa asili. Kikishindikana hivyo, punguzeni matakwa. Bora portali ya sura ya kawaida iliyo salama.

Kwa hivyo kabla hamjalipa, ulizeni haya. Paswadi ya msimamizi mkuu wanayo viongozi wawili, au ni fundi peke yake? Seva na jina la tovuti vimelipiwa kwa jina la kikundi? Kila badiliko limeandikwa mahali? Nakala ya akiba iko wapi, na kuna aliyewahi kujaribu kuirejesha? Toleo jipya linajaribiwa kwanza kwenye nakala?

Fundi mwaminifu atajibu bila kukasirika. Akianza kuzungukazunguka, shikeni pesa zenu.