Bunduki Iliyokwisha Kuingia Nyumbani



Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, humchuja anayetaka kununua bunduki. Jambo hilo ni jema. Lakini vipi kuhusu bunduki zilizokwisha kuwamo majumbani?

Mataifa hayakufuata njia moja. Marekani, mwaka 1994, ilipiga marufuku uuzaji wa baadhi ya bunduki za mtindo wa kivita, lakini zile zilizokwisha kumilikiwa iliziacha kwa wenyewe. Na sheria hiyo ilikoma 2004. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, ilizinunua zaidi ya 600,000 kutoka kwa raia na kuziharibu. Tanzania imetumia uhakiki wa silaha zenye leseni, kama wa 2016, na msamaha kwa zisizo na leseni, kama wa Septemba na Oktoba 2022, ambapo aliyesalimisha kwa hiari hakushtakiwa.

Mkoa wetu ulivamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na mwaka 1994 ukapokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Hatari ya silaha za magendo twaijua. Lakini hata bunduki ya halali huwa mzigo siku mwenyewe anapofariki. Leseni ni ya mtu. Hairithiwi pamoja na kibanja. Ukoo huketi kugawa shamba na nyumba, nayo bunduki ikabaki uvunguni. Mjane huogopa kuipeleka polisi, asije akaulizwa kwa nini amekaa nayo. Ndugu wakianza kugombea mpaka, i karibu na mkono wenye hasira.

Wapo wasemao kuwa mali ya marehemu ni ya watoto wake. Ni kweli; basi anayeitaka na aombe leseni yake mwenyewe. Asiyeitaka asiadhibiwe kwa kuchelewa. Msamaha wa miezi miwili hautoshi, maana kifo hakingoji Septemba. Haki yadai mlango wa kuikabidhi uwe wazi mwaka mzima.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo Bukoba na Muleba, siku ya kuanua matanga ulizeni kwa upole: je, marehemu aliacha silaha? Kisha msimwache mjane aende kituoni peke yake. Msindikizeni.